Jina la Mtu Mikononi mwa Mwingine

Mji wa Sumbawanga umebeba amri ya kale katika jina lake. Wenyeji wa Ufipa husimulia kuwa maana yake ni kutupa uchawi: mgeni aliyekaribia alitakiwa kuuacha nje uwanga aliokuja nao, ndipo aingie. Miji mingi duniani imepewa majina ya mito, ya milima au ya watu walioianzisha. Mji huu umepewa jina la sharti. Na sharti lenyewe ni la kufunua. Kilichokuwamo ndani ya mfuko wa msafiri, maadam hakikuonekana, kilihesabiwa kuwa hatari kwa kila mtu.

Sharti hilo halikukaa katika jina tu. Katika miaka ya 1963 na 1964 vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa vilipitiwa na watu wa Kamchape, waliojitangaza kuwa wamekuja kuusafisha uchawi. Roy Willis, mtaalamu wa Kiingereza wa mila na jamii aliyefanya uchunguzi wake Ufipa wakati huo, aliandika habari zao mwaka 1968. Watu walikusanywa, washukiwa wakatakiwa kutoa pembe na dawa zao mbele ya macho ya wote, na wanakijiji wakachanjwa ili mtu asiweze tena kumdhuru mwenziwe. Yaliyokuwa uvunguni yakamwagwa uwanjani. Hapana shaka walikuwapo waliolala usingizi mwema usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hapana shaka pia walikuwapo walioaibishwa mbele ya watoto wao kwa kifuko cha mizizi ya maumivu ya tumbo.

Sasa imekuja sheria inayoonekana kuamuru kinyume. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa rasmi na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Mtu aweza kuuliza, na swali lake si la upuuzi, kwamba sheria ya kufunika ina kazi gani kwa watu waliofundishwa na vizazi kuogopa kilichofunikwa. Mtu mwema, husemwa, hana la kuficha. Maneno haya husemwa katika kila nchi, walakini yana uzito zaidi mahali ambapo mfuko uliofungwa umewahi kushukiwa kuwa una kifo ndani yake.

Swali hilo halijibiwi kwa hoja zilizotoka mbali. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston katika Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala iliyokuja kuwa maarufu kuliko sheria nyingi. Walikerwa na magazeti yaliyopenda mambo ya nyumba za watu na na kamera mpya zilizoweza kumpiga mtu picha kabla hajajiweka tayari. Wakadai kuwa kila mtu anayo haki ya kuachwa. Hoja yao ni nzuri, ila imevaa nguo za mahali ilipozaliwa. Katika Ufipa mtu aliyeachwa ni mtu wa kuhurumiwa. Wafipa tangu zamani wamependa kujenga vijiji vya nyumba zilizosogeleana, na jirani hujua ni nani ameuza mahindi yake mapema mno, ni nani amelala na homa, ni nani amepokea mgeni jana usiku. Kuwahubiria watu wa namna hiyo haki ya kuachwa ni kumpa mwenye kiu blanketi.

Lakini Kiswahili kina maneno mawili yafaayo kutenganishwa katika jambo hili, nayo ni siri na sitara. Siri ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane na mtu. Sitara ni jambo ambalo linajulikana, tena pengine na wengi, lakini linajulikana na wale linaowahusu, na kwa wengine wote limefunikwa. Uchawi uliohofiwa Ufipa ulikuwa siri. Maradhi ya mwanamke, deni la mume wake, kosa la mtoto wao lililokwisha kusamehewa, hayo ni sitara. Anayeyachanganya mambo haya mawili huangukia mojawapo ya makosa mawili: ama humtetea mwovu kwa jina la faragha, ama humvua nguo mtu asiye na kosa kwa jina la kumtafuta mwovu. Kosa la watu wa Kamchape, ikiwa lilikuwapo, halikuwa kufunua. Lilikuwa kuifunua pembe ya kudhuru na dawa ya tumbo kwa mkono mmoja na katika uwanja mmoja.

Wahenga walisema kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Methali hii haisemi kuwa maiti hana aibu, wala haisemi kuwa hakuna anayeijua. Husema kuwa yuko mtu anayeijua, na kwamba kuijua kwake ni sehemu ya kazi yake. Haiwezekani maiti kuoshwa na mtu aliyefumba macho. Mwosha akitoka nje akaeleza aliyoyaona, hakumwibia maiti kitu, maana maiti hana kitu tena; wala hakusema uongo, maana aliyoyasema yalikuwapo. Alichovunja ni amana. Mkunga yuko katika hali hiyo hiyo, na padre aliyesikia maungamo, na karani wa parokia. Misheni za Kikatoliki zilizoanza katika nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19 zimeweka vitabu vya ubatizo na vya ndoa kizazi baada ya kizazi, na ndani ya vitabu vya namna hiyo huwamo watoto walioandikwa bila jina la baba. Kitabu si siri, kwani kimeandikwa ili kisomwe. Lakini hakisomwi sokoni.

Kwa hiyo si kweli kwamba kijiji cha Kifipa hakikuwa na faragha mpaka wanasheria walipoileta. Kilikuwa nayo, ila haikukaa katika kuta za nyumba, ambazo ni nyembamba, ilikaa katika vifua vya watu. Kila mtu alijua mengi juu ya wenzake, na kila mtu alijua kuwa wenzake wanajua mengi juu yake. Usawa huo ndio uliokuwa kufuli. Aliyetoboa ya jirani asubuhi aliweza kusikia ya nyumbani kwake kabla ya jua kuchwa.

Msemo wa mtu mwema na lake la kuficha unastahili jibu jingine pia, nalo halihitaji kutafutwa mbali. Katika Rwanda, utawala wa Wabelgiji uliwapa watu vitambulisho katika miaka ya 1930, na katika kila kitambulisho liliandikwa kabila la mwenye nacho. Hapakuwa na siri katika neno lile. Hapakuwa na kosa ndani yake pia, kwani mtu hafanyi kosa kwa kuzaliwa. Lilikuwa neno la makarani, la kurahisisha hesabu zao, na serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliendelea kuliandika. Mwaka 1994 neno lile lile lilisomwa katika vizuizi vya barabarani na watu wenye mapanga. Waliouawa hawakuwa na la kuficha; walikuwa na la kusomwa. Taarifa haiwi salama kwa sababu ni ya kweli, wala kwa sababu haina aibu. Usalama wake umo katika mikono ya anayeishika na katika kazi anayoifanya nayo, na kazi hiyo yaweza kubadilika baada ya aliyeiandika kwa nia njema kufa na kusahauliwa.

Mikono hiyo imezidi sana katika miaka ya karibuni. Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Muda uliwekwa hadi mwisho wa mwaka huo, ukaongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na watu wakapanga foleni ndefu katika ofisi za vitambulisho ili simu zao zisikatwe. Katika msimu wa 2022/2023 ilikuja ruzuku ya mbolea, na mkulima aliyetaka kuipata akaandikishwa jina lake, namba yake ya simu na ukubwa wa shamba lake. Wakala wa fedha za simu naye ana daftari juu ya meza, ambamo wateja wa siku nzima hufuatana kwa majina, namba na viwango vya fedha, na anayesimama kusubiri zamu yake aweza kuyasoma yaliyo juu ya mstari wake. Hakuna hata moja katika hayo lililofanywa kwa ubaya. Mbolea ni kitu chema, na kumzuia mwizi asijifiche nyuma ya laini isiyo na mwenyewe ni kitu chema. Lakini ule usawa uliokuwa kufuli la kijiji umekatika. Mkulima wa Laela au Matai anajulikana sasa na watu asiowajua. Hawezi kusikia ya nyumbani kwao, wala kuwatazama usoni wanapokutana kisimani. Wahenga walisema pia kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sasa kata imehama nyumba.

Ni kwa sababu hiyo sheria imekuwa lazima hata kwa watu ambao zamani hawakuihitaji. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, imekwisha tangu mabadiliko ya mwaka 1984 kumpa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake; ila ibara hiyo ilikuwa kama mlango usio na bawabu. Sheria ya 2022 imemweka bawabu. Imemtaka kila mkusanyaji na kila mchakataji wa taarifa za watu ajiandikishe kwa Tume. Imemtaka aseme anakusanya kwa kazi gani, na asiitumie taarifa kwa kazi nyingine. Imempa mwenye taarifa haki ya kuiona, kuisahihisha na kudai ifutwe, na njia ya kupeleka malalamiko. Kampuni inayofichua taarifa za watu kinyume cha sheria yaweza kutozwa faini inayofika shilingi bilioni 5.

Ukiitazama sheria hii kwa makini, na nyingi za jamii yake katika nchi nyingine, utaona imesimama kwa miguu miwili. Mguu mmoja ni ridhaa: taarifa ni ya mtu, naye akikubali, imetoka kwake kwa halali. Mguu wa pili ni wajibu: aliyeishika taarifa ya mwenziwe ana mambo yanayompasa, akubaliwe au asikubaliwe. Watetezi wa sheria hizi aghalabu huusifu mguu wa kwanza, kwa kuwa unampa mtu heshima ya kuamua mambo yake. Lakini ni mguu dhaifu, na udhaifu wake hauonekani mahali popote wazi zaidi kuliko katika mikopo ya simu.

Achukuliwe mkulima mwanamke wa uwanda wa juu, katika mwezi wa Desemba. Mvua zimekwisha shika. Mahindi ya mwaka uliopita yameuzwa tangu Julai, wakati bei ilipokuwa chini kwa kuwa kila mtu alikuwa akiuza. Mbegu bado hazijatosha, na mtoto ameanza kukohoa usiku. Benki iko mjini, nayo hutaka hati. Katika simu yake janja iko programu inayoahidi fedha katika muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage. Haitaki hati ya shamba wala mdhamini. Hutaka kitu kimoja tu ambacho hakionekani kuwa na bei: ruhusa ya kuisoma orodha ya majina iliyomo ndani ya simu. Chini yake kuna maelezo marefu, mara nyingi kwa Kiingereza, na chini ya maelezo kuna kitufe cha kukubali. Anakibonyeza.

Katika orodha hiyo wamo watu mia mbili au mia tatu. Yumo kaka yake aliyeko Namanyere, na mkwe wake ambaye hajawahi hata kula mbele yake. Yumo mwalimu wa mtoto, katekista, mwenyekiti wa kitongoji, muuza dawa za mifugo, na mganga wa zahanati. Hakuna aliyeulizwa kati yao. Siku ya kulipa ikipita, simu zao huanza kulia. Ujumbe huwafikia kutoka kwa mtu wasiyemjua, ukiwaambia kuwa fulani ni mdaiwa sugu, kwamba amewataja wao, na kwamba wamhimize alipe. Hiyo ndiyo dhamana iliyowekwa, ijapokuwa haikuitwa kwa jina lake. Mkopeshaji wa zamani alishika jembe au ng'ombe wa mdaiwa. Huyu ameshika uso wake.

Hapa ndipo lilipo swali lenyewe la maadili, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwanamke yule alikubali. Hakulazimishwa na mtu. Ikiwa taarifa ni mali, naye ameiuza mali yake, mwenye haki ya kulalamika ni nani? Wengi hujibu upesi kwamba ridhaa ya mwenye shida si ridhaa, kwani aliyebanwa na njaa hukubali lolote. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, na likifuatwa mpaka mwisho wake humvunjia heshima maskini, kana kwamba mtu akiwa na shida neno lake halina thamani tena. Masikini huingia katika mikataba kila siku na kuitimiza, na hujivunia kuitimiza. Kasoro ya ridhaa ile haikuwa katika shida yake. Ilikuwa katika vile alivyoombwa kuvitoa, kwa kuwa havikuwa vyake.

Namba ya mkwe wake si yake. Alipewa ili ampigie kukiwa na msiba au harusi. Namba ya mganga alipewa usiku mtoto alipozidiwa. Kila jina katika orodha ile liliingia kwa mlango wake na kwa sababu yake, kama vyombo mia tatu vilivyoazimwa katika nyumba mia tatu. Na mtu hawezi kuweka rehani sufuria ya kuazima, hata akiwa radhi kwa moyo wake wote. Hii ndiyo sababu neno mali halifai katika mambo haya, ingawa wanasheria na wafanyabiashara wote wawili hulipenda. Mali ina mwenyewe mmoja, naye akiitoa imetoka. Jina la mtu katika simu ya mwingine ni amana: lina aliyelitoa, lina aliyelipokea, na lina sababu inayowaunganisha. Mmoja peke yake hawezi kuifungua fundo hilo.

Mkopeshaji naye ana la kusema, na haki yataka asikilizwe. Atasema kuwa deni halikuwa jambo la faragha katika vijiji vya Afrika. Kwamba ndugu walilijua, wakalizungumza, wakasaidiana kulilipa. Kwamba yeye amefanya kwa simu kile ambacho wazee walikifanya chini ya mti. Hoja hii ni nzuri kuliko anavyostahili mwenye kuitoa, maana nusu yake ni kweli. Lakini mdhamini wa zamani aliulizwa. Alikuja akakaa, akaambiwa kiasi, akamtazama mkopaji, akapata nafasi ya kukataa au ya kusema kuwa kiasi hicho ni kikubwa mno kwa shamba lile. Alipokubali alikuwa amejifunga mwenyewe kwa kinywa chake, na deni lilipochelewa aliitwa kama mtu, akaja kama mtu. Katekista aliyetumiwa ujumbe na asiyemjua hakupata nafasi hiyo. Kadhalika wazee waliokaa chini ya mti walikuwa na kazi ya kumpatanisha mdaiwa na mdai ili wote wawili waendelee kuishi kijijini. Mwenye kutuma ujumbe ule hana kijiji cha kuishi. Huiazima aibu ya ukoo, lakini haulipi ukoo chochote katika upole wake.

Na mwanamke yule, je, hana lawama? Itakuwa ni unafiki kusema hana kabisa. Yuko mkwe atakayeuliza, na kwa haki, ni kwa nini jina lake liko mikononi mwa wageni. Lakini lawama yake ni ndogo, nayo hulingana na ya mtu aliyemwazima mpita njia ufunguo wa nyumba asijue kuwa ule ni wa nyumba ya jirani pia. Lawama kubwa ni ya aliyeuomba ufunguo akijua.

Kisa kimoja cha mbali chaonyesha kuwa hata mtu mwenye nia njema huweza kuteleza hapa. Mwaka 1998 katekista wa kujitolea katika parokia moja ya Sweden alitengeneza kurasa za intaneti nyumbani kwake, ili wanaojiandaa kwa kipaimara wapate habari za parokia. Akaandika humo, kwa utani kidogo, habari za wafanyakazi wenzake: majina yao, kazi zao, namba za simu za baadhi yao, na juu ya mmoja akaandika kuwa ameumia mguu na sasa anafanya kazi nusu ya muda. Hakuwauliza. Aliposikia kuwa wengine hawakupendezwa aliziondoa kurasa zile, lakini hata hivyo alishitakiwa na kutozwa faini. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo tarehe 6 Novemba 2003 iliamua kuwa habari ya mguu ulioumia ni habari ya afya, na kwamba kuiweka mahali ambapo dunia nzima yaweza kuisoma si jambo la nyumbani tena. Wako waliocheka. Mguu ulioumia parokiani, kila mtu anauona! Lakini mahakama iliona tofauti ile ile ya siri na sitara, ijapokuwa haikuwa na maneno hayo: waliouona mguu ni wale waliosali pamoja na mwenye mguu.

Ikiwa katekista yule, aliyependa wenzake, alikuwa na wajibu, mkopeshaji asiyewajua watu mia tatu ana wajibu mkubwa zaidi. Na hapo ndipo mguu wa pili wa sheria unapodhihirisha nguvu zake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 hutaka taarifa za mtu zikusanywe kwa mtu mwenyewe, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa, na sheria ya Tanzania imefuata njia hiyo. Neno hili dogo laweza kupitwa na msomaji mwenye haraka, lakini ndilo linaloivunja biashara nzima ya orodha za majina, kwa kuwa halimwulizi mkopaji kama alikubali. Humwuliza mkopeshaji amelitoa wapi jina la mkwe. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokopesha watu kwa programu za simu, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine na kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Malalamiko ya watu wa kawaida ndiyo yaliyoifikisha kampuni hiyo hapo. Mwaka huo huo, tangu mwisho wa mwezi Mei, kampuni ya Google ilizikataza programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha za majina na picha za wateja. Ni jambo la kushukuru, na pia la kutia mashaka kidogo, kwamba mkwe wa Ufipa alipata ulinzi kutoka kwa mfanyabiashara wa California kabla ya kuupata kwa nguvu kutoka kwa dola yake.

Tanzania haikukaa kimya. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya mtandao, na Novemba ya mwaka huo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawatahadharisha wananchi wasijihusishe nazo. Hatua hiyo ni ya kusifiwa, na waliotukanwa mbele ya wakwe zao walikuwa na haki ya kuipokea kwa vigelegele. Lakini kuifungia programu ni jambo moja, na orodha iliyokwisha kusomwa ni jambo jingine. Duka la nyama likifungwa, nyama huoza, na shauri huisha lenyewe. Orodha ya majina haiozi. Huweza kunakiliwa kwa muda mfupi kuliko wa kusoma tangazo la kuifungia, na mwenye nayo aweza kufungua mlango mwingine chini ya jina jingine.

Sheria imempa mwenye taarifa haki ya kudai ifutwe. Lakini ili adai, yampasa ajue kuwa imeshikwa, na aijue na nyumba ya kubishia hodi. Mwanamke yule aweza kudai kwa upande wake, kwa kuwa anakikumbuka kitufe alichokibonyeza. Mkwe wake hana la kukumbuka. Wamo katika orodha zile watu waliokwisha kuihama Ufipa, na wengine waliokwisha kuzikwa, ambao miili yao ilioshwa na watu waliotoka nje wakafunga vinywa vyao. Na majina yao bado yamekaa katika mashine ya mtu ambaye hakuna aliyemwambia kuwa hata yeye, tangu siku alipoyasoma, alikuwa amekwisha kuwa mwosha.